Penye Nguzo ya Kati

Asubuhi ambayo kaka mtu hakuamka, Kobe alipinda penye nguzo ya kati kabla habari za kifo hazijafika ghalani. Wapakiaji walikuja kulikumbuka hilo baadaye, msibani, wakiambiana kwa sauti ya chini.

Kobe ni roboti ya kubeba maboksi, fupi, yenye magurudumu na kamera moja mbele. Jina alipewa na marehemu, ndiye aliyemfundisha kuona. Marehemu alikuwa akisimama mbele ya Kobe penye nguzo ya kati, mara achuchumae, mara ajitwishe boksi, mara ayumbe kama mlevi, huku kamera ikipiga picha. Kisha kila picha aliiwekea alama: pamezibwa, au pa wazi. Kwa picha hizo Kobe alijifunza kukwepa.

Sasa penye nguzo hapakuwa na mtu. Kobe alifika, akasita, akapinda taratibu, akaacha nafasi ya mtu mzima.

"Kaka yako anatuzibia njia," dereva wa foklifti alimtania dada mtu, naye mpakiaji pale ghalani, siku aliporudi kazini. "Mwambie asogee kidogo, na sisi tuna haraka."

Dada mtu akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Tangu hapo, kila akiingia kazini alipita kwanza nguzoni na kusema, "Umeamkaje?"

Fundi wa mitambo akaitwa. Alifuta kamera, akabadilisha taa, sakafu ikapigwa deki. Kobe akapinda vilevile.

"Labda anamkumbuka," alisema dada mtu.

"Hana kumbukumbu, dada yangu. Anatazama picha ya sasa hivi tu. Akipinda, basi sasa hivi ameona kitu."

Fundi aliyasikia maneno yake mwenyewe. Kisha akasogea kutoka pale nguzoni alipokuwa amesimama.

Meneja hakuwa na muda wa mambo hayo. Aliamuru Kobe afundishwe upya: mahali pale papigwe picha, zote ziwekwe alama ya pa wazi, mpaka azoee kupita katikati. Kazi akapewa dada mtu, maana kaka yake alikwisha kumwonyesha namna ya kuziwekea picha alama.

Picha ya kwanza ikatokea kwenye kompyuta. Sakafu, nguzo, mwanga. Hapana mtu. Aliinua kidole, kikagoma. Udongo wa kaburini alikwisha kumtupia kaka yake. Hili nalo alifanye kwa mkono wake? Nyuma yake Kobe alikuwa ametulia, kamera imeelekea nguzoni.

"Bado tu?" fundi aliuliza kutoka mlangoni.

"Namalizia."

Akabonyeza: pamezibwa. Ya pili, pamezibwa. Hivyo hivyo mpaka ya mwisho.

Mafunzo hayo yamekwisha kuingizwa kwenye roboti mpya, ambazo hazikumwona kaka mtu hata siku moja. Zote hupinda penye nguzo ya kati, na wapakiaji nao hawakatizi tena pale.