Makaa Yanayomeza Gesi

Serikali ikitaka kitu kutoka kwa watu wa Kasulu huja na spika. Safari hii ilikuja na spika mbili na bango lenye picha ya gari jeupe lisilotoa moshi. Wizara ilikuwa imetangaza shindano: atakayepata kitu cha bei nafuu cha kuhifadhia gesi ya haidrojeni atapewa shilingi milioni mia mbili, na jina lake litaandikwa kwenye hati miliki ya uvumbuzi.

Haidrojeni, spika zilisema, ndiyo nishati ya kesho. Haya. Watu wa huku wameahidiwa kesho nyingi. Waliambiwa wapande mibono, magari yatakunywa mafuta yake. Mibono ikazaa hadi ikaoza, magari hayakuonja hata tone. Waliambiwa wafuge sungura, mnunuzi yuko njiani. Sungura wakazaa, wakazaa tena, mnunuzi hadi leo yuko njiani. Lakini safari hii shida yenyewe ilikuwa ya kweli. Haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Ukiitia kwenye mtungi hivi hivi hupati ya kuchemshia hata chai, na ukiishindilia mpaka mtungi ujae, umeweka bomu jikoni kwako. Ndiyo maana kilitakiwa kitu cha kuimeza kama sifongo inavyomeza maji, kisha kiiachie taratibu inapohitajika.

Immakulata Niyonsaba alilisikia tangazo akiwa nyuma ya nyumba yake, mikono imekunjwa hadi viwikoni, anakoroga sabuni ya mawese. Hakushangilia. Aliuliza jambo moja tu.

"Jina wataandika la nani?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Miaka kumi na mitano nyuma, kulipokuwa na mradi wa majiko kwenye kambi ya wakimbizi, ni yeye aliyegundua kuchanganya udongo wa kichuguu na pumba za mpunga ili jiko lisipasuke. Watu wa mradi walimpiga picha, wakampa fulana, wakaondoka na jiko. Leo jiko hilo linauzwa Kasulu na Kibondo, na ubavuni limegongwa jina la bwana mmoja ambaye hajawahi kuukanda udongo maishani mwake. Immakulata mwenyewe amelinunua mara mbili. Wazazi wake waliingia nchi hii wamebeba magodoro kichwani. Waliitwa wakimbizi miaka thelathini, kisha wakaitwa raia, na katika miaka yote hiyo hakuna kitu hata kimoja kilichoandikwa kwamba kimetoka kwao.

Sasa alikuwa na kitu kingine. Waliokamua mawese kule chini ziwani walimletea magunia ya vifuu vya mise, yale magamba magumu ya kokwa ambayo hata mbuzi hayataki. Alivichoma vikawa makaa, akayasaga, akayaloweka siku tatu kwenye magadi ya majivu ya maganda ya ndizi, yale yale ya kutengenezea sabuni, kisha akayachoma tena ndani ya chungu cha chuma kilichozibwa kwa udongo. Mwisho aliyaosha na kuyakausha. Ulitoka unga mweusi mwepesi kama masizi. Ukiuweka karibu na mafuta yaliyochacha, harufu inakwisha. Ukiuweka chooni, choo kinasahau kazi yake. Ulikuwa unga unaomeza.

Aliyemwambia kwamba unga huo huenda ukameza na haidrojeni alikuwa Daktari Gharibu, mkuu wa Kituo cha Ubunifu cha Nyanda. Kituo chenyewe ni nyumba ya vyumba vitatu na viyoyozi vinne. Kanuni za shindano zilisema mtu binafsi hawezi kushiriki bila taasisi mlezi.

"Dada yangu, sisi tutakulea," Gharibu alisema.

"Nina miaka arobaini na mitatu, Daktari. Nilishalelewa."

"Ni lugha ya kiofisi tu."

"Na jina?"

"Jina lako litakuwepo. Wasiwasi wa nini?"

Immakulata aliomba kijitabu cha kanuni, kurasa arobaini. Alikisoma mara mbili huku sabuni ikiganda. Tangu yaliyomkuta kwenye jiko hakuwa anasaini hata risiti bila kuigeuza nyuma.

Wiki ya kupima, alifiwa na shangazi huko Muyama. Mvua ilikuwa haikatiki na nyumba yake ilikuwa inavuja, kwa hiyo chupa ya unga aliiacha kwa jirani yake Bi Tunu, mwenye duka la khanga na manukato, mjane ambaye babu yake alitoka pwani na ambaye mwenyewe huzungumza kama ametoka huko jana.

"Mama, isipate unyevu tu."

"Nenda kazike, mwanangu. Kwangu hakiharibiki kitu."

Siku mbili baadaye walipanda basi la Kibondo pamoja. Bi Tunu alikuwa amevaa buibui jipya, Immakulata amekumbatia chupa.

Upimaji ulifanyika Kibondo, kwenye ukumbi wa mikutano, na hema limefungwa nje kwa ajili ya mgeni rasmi. Mashine ilikuja na lori: mabomba, mageji, na mtungi wa naitrojeni baridi kali, kwa sababu unga wa namna hii humeza vizuri ukiwa kwenye ubaridi wa kuua. Mtungi huo uliazimwa kwa mabwana mifugo, ambao hutunzia humo mbegu za madume ya ng'ombe.

"Kwa hiyo nishati ya kesho inakaa na mbegu za dume," alisema Bi Tunu.

"Angalau huko kuna mtu atakayezaa," Immakulata akajibu.

Washindani walikuwa sita. Watano walitoka vyuoni, na unga wao ulikuwa na majina marefu. Aliyeendesha mashine ni binti mmoja fundi, Firdausi, mwenye miwani na uso wa mtu ambaye hajalipwa posho. Kanuni ya kumi na moja ilisema kila unga upashwe moto wa digrii mia tatu kwa saa nne kabla ya kupimwa, ili uteme chochote ulichokwisha kumeza njiani. Mwenyekiti wa majaji alitazama saa.

"Mgeni rasmi anaingia saa saba. Pasha digrii themanini, nusu saa. Inatosha."

"Mzee, kanuni inasema…"

"Firdausi. Kanuni nimeziandika mimi."

Kiwango cha kufuzu kilikuwa gramu nne za haidrojeni kwa kila gramu mia za unga. Wale wa vyuoni, ambao unga wao ulitoka maabara ukiwa umefungwa kwenye vichupa vya kioo visivyopitisha hewa, walipata mbili, tatu, mmoja tatu na nusu. Ikafika zamu ya Immakulata. Sindano ya geji ilitikisika kidogo, ikalala.

"Sifuri nukta tisa," Firdausi alisoma.

Mtu mmoja nyuma alicheka. Daktari Gharibu alisogeza kiti chake mbali na kiti cha Immakulata, kiasi cha upana wa kiganja. Si zaidi ya hapo, lakini Immakulata aliuona upana huo.

Alisimama, akaenda hadi kwenye mashine. "Dada Firdausi, nipe hicho kijiko chenye unga." Akakichukua, akakipeleka juu ya jiko la umeme la kuchemshia maji ya majaji, akakishikilia pale. Dakika moja. Dakika mbili. Ukumbi mzima ukaanza kunukia.

Haikuwa harufu ya makaa. Ilikuwa harufu ya harusi. Ubani, udi, na waridi kwa mbali. Jaji mmoja alifumba macho.

Immakulata aligeuka polepole. "Bi Tunu."

"Abee."

"Ulifanya nini na unga wangu?"

"Nilifanya nini!" Bi Tunu alisimama, buibui likasimama naye. "Nimeufukiza. Nimefungua chupa, nimeiweka juu ya chetezo, nimeufukiza siku mbili, asubuhi na jioni, ubani wa Somalia, si huu wa sokoni. Nguo ya bibi harusi naifukiza, ije kuwa kitu kinachokwenda kushindana mbele ya serikali? Kiende kinanuka majivu? Watu waseme Kasulu hatuna adabu?"

"Mama, huu unga kazi yake ni kumeza!"

"Basi umemeza baraka. Vibaya?"

"Umeshiba! Hauna nafasi ya kitu kingine!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na hata Immakulata kilimtoka bila ridhaa yake. Kisha alikiweka kijiko mezani. Alimgeukia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, kanuni ya kumi na moja. Digrii mia tatu, saa nne. Ungeifuata, ubani wote ungetoka."

"Mama, muda umekwisha. Mgeni rasmi yuko njiani."

Firdausi aliinua simu yake. "Mzee, mgeni rasmi ndiyo kwanza anaondoka Kigoma mjini. Wamesimama kupata supu."

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii kiongozi aliyechelewa alimfaa mwananchi. Mwenyekiti hakuwa na pa kujificha. Unga ulirudishwa kwenye moto, digrii mia tatu, na kwa saa nne mji mzima wa Kibondo kuanzia stendi hadi sokoni ulinukia kama nyumba ya bibi harusi. Kina mama wawili waliingia ukumbini kuuliza nani anaoa.

Unga ulipopimwa tena, sindano ilipanda. Ikapita mbili. Ikapita tatu na nusu ya yule wa chuo. Firdausi alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nne nukta nane."

Gharibu alirudisha kiti chake karibu, safari hii kikagusa. Alikuwa na karatasi tayari. Watu wa namna hii karatasi haziwaishi.

"Hongera, hongera sana dada yangu! Saini hapa tu, mgeni akifika tumkabidhi."

Immakulata aliigeuza nyuma, kisha mbele. Penye *Mvumbuzi* palikuwa pameandikwa: Kituo cha Ubunifu cha Nyanda. Chini yake, kwa herufi ndogo, *Mwanajamii aliyeshiriki*, na nafasi tupu.

"Daktari, mimi ni mwanajamii aliyeshiriki?"

"Ni utaratibu. Hati miliki inasajiliwa kwa jina la taasisi. Lakini tutakupa gawio, asilimia kumi, milioni ishirini hizo! Nani Kasulu amewahi kushika milioni ishirini kwa vifuu?"

"Sijauliza bei. Nimeuliza jina."

"Usiposaini, uvumbuzi wako hausajiliwi. Unarudi nyumbani na chupa yako. Fikiria watoto."

"Nawafikiria. Na hii kanuni ya ishirini na sita, inayosema uvumbuzi uliotangazwa hadharani kabla ya kusajiliwa hauwezi kumilikiwa na yeyote. Bado ipo?"

"Ipo, ndiyo maana tunafanya kimya kimya. Saini, dada."

Ving'ora vilisikika. Mgeni rasmi aliingia na msafara wa magari tisa, yote yakinywa dizeli. Watu wakahamia hemani. Immakulata alikunja ile karatasi, akaitia kifuani.

"Nitasaini nikishashukuru," alisema. "Siwezi kupokea kitu cha serikali bila kushukuru."

Hilo Gharibu alilielewa. Katika shughuli zote za nchi hii mshindi hushukuru, humpamba mgeni rasmi, hutaja vyeo vyake vyote, na watu hupiga makofi. Akampa kipaza sauti mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," Immakulata alianza, "nashukuru. Mimi ni Immakulata Niyonsaba, mpika sabuni wa Kasulu. Ninyi waandishi wa redio, mnarekodi? Vizuri. Huu unga unatengenezwa hivi. Chukua vifuu vya mise, debe moja. Choma hadi viwe makaa, usiviache viwe majivu. Saga."

Gharibu alitabasamu sekunde tatu hivi. Ya nne tabasamu likabaki peke yake usoni, mwenyewe keshaondoka.

"Choma maganda ya ndizi, chuja majivu yake kwa maji, chemsha mpaka yawe mazito na yachome ulimi. Loweka unga humo siku tatu. Kausha…"

"Zima!" Gharibu alimpungia Firdausi, aliyekuwa kwenye mitambo ya sauti kwa kuwa fundi wa sauti alikuwa amekwenda kula. "Zima kipaza!"

"Daktari, sijui swichi iko wapi," Firdausi alisema, kidole kikiwa juu ya swichi.

"…kisha kwenye chungu cha chuma, ziba kwa udongo kusiingie hewa, choma kwa moto mkali kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Osha mara tano. Na wala usiufukize." Watu wakacheka. "Atakayewaambia huu unga ni wake, mwambieni alisikia Kibondo, kwa Immakulata Niyonsaba. Asante mheshimiwa."

Mgeni rasmi, ambaye hotuba yake ilikuwa inahusu zao la kahawa, alipiga makofi.

Mwenyekiti alitangaza kwamba zawadi imesitishwa hadi itakapotolewa taarifa nyingine. Gharibu alimfuata Immakulata nyuma ya hema, shati limelowa mgongoni.

"Umetupa milioni mia mbili! Unajua umefanya nini?"

"Oya," Immakulata alikataa kwa Kiha. "Hazikuwa zangu. Nimetupa milioni mia moja na themanini zako na ishirini za kuninyamazisha nazo."

Bi Tunu alikuwa ameketi kwenye kreti la soda, ameshika tama. "Ishirini, mwanangu. Ishirini ungezichukua. Tungeezeka paa lako."

"Tungeezeka paa, mama, halafu nikae chini yake nisikilize redio inavyomsifu Gharibu."

Bi Tunu alifikiri. Kisha akaguna, mguno wa mtu aliyekubali kwa kulazimishwa. "Sifa hizo nisingeweza kuzisikiliza na mimi."

Mwanamke mmoja muuza mawese, kitoto mgongoni, alikuwa amesimama pembeni muda wote akisubiri wamalize. Mkononi alikuwa na kalamu ya kuazima na kipande cha katoni ya biskuti.

"Samahani dada Immakulata. Pale penye majivu sikushika vizuri. Ni maganda peke yake, au hata mkungu?"

Immakulata alivuta kreti la pili, akaketi. "Mkungu ndio una magadi makali zaidi. Andika."

Walikuwa wawili. Kabla maelezo hayajafika kwenye chungu cha chuma, walikuwa saba.