Embe la Kusemea

Mwalimu Mbinya alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kuvumilia kumwona mtoto akisoma huku mdomo wake ukikaa bure. Ndiyo maana chama chake cha vitabu, katika shule moja ya mtaa wa Baba Dogo, kilisifika kwa vyakula kuliko kwa vitabu. Muhula wa pili mwaka jana watoto walikula mahindi ya kuchemsha, wa tatu njugu, na huu wa kwanza maembe ambayo dadake alimtumia kwa gunia kutoka Makueni.

Sheria ilikuwa moja. Aliyeshika embe ndiye msemaji, wengine wote kimya, naye akimaliza humpa mwenzake. Mbinya aliitunga baada ya kikao cha kwanza cha muhula huu, watoto kumi na tisa walipopiga kelele hadi bawabu akaja kuuliza nani ameumia.

Sasa Mwalimu Mureithi wa hesabu alikitaka chumba cha chama kwa masomo ya ziada. Alikuwa amemnong'oneza Mwalimu Mkuu, Bwana Nalianya, kwamba mle hakuna usomaji, kuna ulaji tu.

"Nitakuja Ijumaa nijionee," Nalianya alimwambia Mbinya. "Nikikuta ni karamu, chumba ni cha Mureithi siku hiyo hiyo."

Mbinya aliingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu hujiona mwerevu ajabu. Ijumaa akayafungia maembe yote kabatini, hata lile la kusemea, akatia ufunguo mfukoni na kujipongeza.

Nalianya aliketi nyuma kwenye dawati la mtoto, magoti yakimkaribia kidevu. Mbinya akauliza swali alilolinoa wiki nzima. Kitabu chao kilimhusu dereva wa lori aliyemficha mama yake habari za kifo cha mwanawe mwingine. Kila mama alipouliza, dereva alimjibu kwamba kaka yuko kazini Mombasa, anamsalimu. Je, alifanya vyema?

Kimya. Mbinya akauliza tena, akitabasamu kwa meno yote. Watoto walimtazama kwa adabu kubwa, midomo imefungwa kama waliopo kanisani. Nalianya akatazama saa, akaanza kuyachomoa magoti yake.

Ndipo Winny, mdogo kuliko wote, akainua mkono kwa woga. "Ticha, na embe iko wapi? Tutaongea aje bila embe?"

Mbinya alitaka ardhi impasukie. Kumbe watoto walikuwa wanamtii! Akalifungua kabati mbele ya mkuu, aibu ikimchoma, akampa Winny embe moja.

"Alifanya poa," Winny akasema papo hapo. "Mama alikuwa mgonjwa."

Embe likaenda kwa Kivuva, likaenda kwa Frankline, mjadala ukawaka. Nalianya akasahau saa. "Lakini nyinyi hamwelewi kwamba..."

"Mwalimu Mkuu," Elsie akamkatiza kwa upole, "huna embe."

Mbinya alifumba macho. Alipoyafumbua, mkuu alikuwa amenyoosha mkono, anangoja zamu kama wengine. Alipolipata alilishika kwa mikono miwili.

"Dereva hakukosea," alisema. "Sisi pia tulimficha mama hivyo. Ndugu yetu alipofariki, tulimwambia bado yuko safarini."

Elsie akaliomba embe. "Na mama yenu alikuwa anamwekea chakula?"

Kisha akamrudishia mkuu. "Kila jioni," Nalianya alisema. "Mpaka tukamzika mama."

Akampa Elsie embe. Mbinya alitamani kumshika Nalianya bega, ila mkuu ni mkuu.

Mlango ukafunguliwa. Mureithi aliingia na chaki zake, akayaona maembe, uso ukamng'aa. "Si nilikwambia, Bwana Mkuu? Basi niwaingize watoto wangu?"

Nalianya hata hakugeuka. "Tafuta chumba kingine, Mureithi," alisema, mkono wake ukimnyookea Elsie apewe embe. "Bado sijamaliza kumjibu huyu mtoto."