Kichwa cha Boliti

Shemeji zake ndio waliompa jina la Injinia, siku alipozibua sinki la jikoni. Walikuwa wanamtania, lakini yeye akalichukua jina kwa mikono miwili. Tangu hapo hakuna kilichoharibika nyumbani kikaenda kwa fundi, na tuseme ukweli, vingi vilipona. Wiki iliyopita tu alifunga mpira mpya wa gesi, akaupaka povu la sabuni kuhakikisha hauvuji, na mkewe akamsifu mbele ya wageni.

Basi breki za gari zilipoanza kulia, mke akataka lipelekwe gereji. Asubuhi ile alikuwa ampeleke mama yake kliniki, na barabara ya huko ni mteremko mtupu. Injinia akajipiga kifua.

"Gereji ya nini na mimi nipo?"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akapiga jeki, akatoa tairi, akapitisha mkono nyuma ya breki kuitafuta boliti ya chini, ambayo kichwa chake kimetazama ndani. Boliti ikagoma. Akachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu, akauma meno, akavuta. Hakujua kwamba boliti iliyokupa kisogo huzungushwa kinyume na unavyodhani. Maskini, muda wote huo alidhani anafungua, kumbe anakaza.

Tak!

Kichwa cha boliti kikabaki kwenye spana, kiwiliwili kikabaki ndani ya chuma.

Angeweza kuita, maana dirisha la jikoni lilikuwa wazi na mkewe alikuwa humo akiimba. Lakini alipofungua mdomo akawa kama anavisikia vicheko vya shemeji zake, akaufunga. Akaingia stoo, akatoka na gundi. Akakibandika kichwa mahali pake, akakipaka grisi kifanane na kingine, akarudisha tairi, akashusha jeki. Akajiambia boliti ya juu itatosha kwa safari moja. Mwenyewe hakuyaamini maneno hayo.

Mke akatoka na funguo, mama yake amemshika bega.

"Tayari?"

"Tayari."

"Unaona, mama? Ulitaka teksi bure. Mkweo hashindwi na kitu."

Kabla ya kuingia garini, mama mkwe akaushika ule mkono wa grisi kwa mikono yake yote miwili. "Asante, mwanangu. Mimi ule mteremko huwa nafumba macho. Leo sifumbi."

Injinia akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na bado akamfungulia mlango. Mlango ukafungwa. Injini ikawaka, gari likaanza kusogea kuelekea getini. Ndipo miguu ikamtangulia, akakimbia akasimama mbele yake na kuweka viganja juu ya boneti.

"Zima! Zima, mke wangu. Breki sijatengeneza. Nimekata boliti, nikaibandika kwa gundi."

Mke akashuka. Akachuchumaa na gauni lake la kutokea.

"Iko wapi?"

Akamwonyesha. Mke akapitisha mkono nyuma ya tairi, na kichwa kikatoka bila ubishi, kikivuta uzi wa gundi mbichi. Akakigeuzageuza kiganjani.

"Nimekuuliza, ukaniambia tayari."

"Niliona haya."

"Na mama yangu yumo ndani."

Mama mkwe alikuwa ameinamisha uso, akijitia kutafuta kitu mkobani ili asimtazame mkwewe. Kule kustahiwa kulimchoma kuliko tusi.

Mke akampa mumewe kile kichwa cha boliti, akapiga simu kuita teksi. Ilipofika akampakia mama yake, kisha akasita na mkono kwenye mlango.

"Na ile gesi?"

"Gesi niliifunga sawasawa. Haki ya Mungu."

Na ilikuwa kweli. Aliipima kwa povu, akarudia mara ya pili, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

Mke akamtazama kidogo. Akamwomba dereva asubiri, akaingia ndani. Injinia akabaki uani na kichwa cha boliti mkononi, akisikia mtungi wa gesi ukifungwa, kisha madirisha ya nyumba nzima yakifunguliwa, moja baada ya jingine.