Karatasi Aliyoikata Dada

Wiki ile Shoto alijidunga sindano mara tatu kwenye kidole kilekile, na fundi aliyekalia cherehani miaka ishirini na miwili hajidungi kidole hata akisinzia. Alikuwa hatulii. Ataketi, atasimama, atafungua dirisha, atalifunga, ataenda kugusa pasi kuona kama imepata moto, na kumbe hakuiwasha. Usingizi nao ulikuwa umemhama. Mwisho akaenda zahanati kuomba dawa ya mikono inayotetemeka, na mshauri wa pale, mama mmoja mwenye sauti ya kubembelezea watoto, badala ya vidonge akampa bahasha ya kadi.

"Kila siku toa moja bila kuchagua," alimwambia. "Kila kadi ina mwanzo wa sentensi. Wewe uimalizie, halafu uendelee kuandika dakika kumi. Usiinue kalamu, usifute, usirudi nyuma kusoma. Ukikosa la kuandika, andika kwamba huna la kuandika."

"Na mikono je?"

"Mikono itafuata."

Shoto alitoka pale akisonya. Ni kama mtu kwenda na jino linalouma akapewa kazi ya nyumbani, alijisemea, tena hata daftari hakupewa.

Alikuwa mdogo katika mabinti wawili, na wote wawili walifanya kazi katika chumba kimoja kirefu, meza ya kukatia ikiwa upande wa dirisha na cherehani upande wa mlango. Mezani alisimama Dada, kwenye cherehani alikaa yeye. Marehemu mama yao ndiye aliyewapanga hivyo. Mdogo alizaliwa na shoto, na mkasi wa nyumba ile, mzito, wa chuma, ulitengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Siku mtoto alipojaribu kuushika akaharibu nusu mita ya kitambaa cha watu, mama alisema, "Shoto hakati," na neno hilo likawa sheria. Mama alikufa, sheria ikabaki hai. Dada naye alikata vizuri mno, hata mtaa mzima ukamwita Mkasi, ingawa wapo waliosema jina lile lilimfaa zaidi kwa ajili ya ulimi.

Sasa, tangu mwezi wa tatu, Dada alikuwa anakata nje ya mstari. Mwanzoni ilikuwa unene wa uzi, halafu unene wa kidole. Alilaumu chaki, akalaumu dirisha, akalilaumu jua lenyewe. Shoto hakusema kitu. Alianza kuwahi kazini, Dada akiwa bado kwake anakunywa chai, akafungua vipande vilivyokatwa jana, akasawazisha makwapa, akanyoosha kola zilizopinda, akavikunja tena kama vilivyokuwa. Bahati nzuri Dada hakuwa bahili wa nafasi ya mshono, kwa hiyo kosa lilikuwa na pa kupunguzwa. Saa mbili Dada anaingia, anapapasa kazi ya jana, anamtambia fundi viatu wa mlango wa pili kwamba mkono wake hauzeeki.

Lakini Alhamisi ilikuwa inakuja, na pamoja nayo kitambaa cheupe cha sare arobaini za wauguzi. Hospitali ilikipima yenyewe, kwa sentimita, bila ziada hata ya kushonea leso. Kosa la pale halina pa kupunguzwa. Likitokea, mafundi watafahamika kwa kosa hilo mji mzima. Lazima Dada aambiwe kabla mkasi haujagusa kitambaa kile, na wa kumwambia alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja hakuwa na ubavu.

Basi akaandika. Hakuwa na daftari, akatumia karatasi za kaki wanazokatia vipande vya mfano kabla ya kugusa kitambaa, kwa sababu maisha yake yote yeye na kalamu walikutana hapo tu. Jumatatu kadi ilisema, *Leo mwili wangu...*, akaandika habari za kisigino kinachomuuma. Jumanne ikasema, *Chumba ninachokikumbuka...*, akaandika habari za chumba hikihiki, akaona amepunjwa. Jumatano adhuhuri, Dada alipokwenda kula, alitoa kadi ya tatu. *Jambo ninaloficha hata nikiwa peke yangu ni...*

Aliitazama kadi ile kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Kisha akatandaza karatasi, akatazama saa ya ukutani, akaanza.

*Jambo ninaloficha hata nikiwa peke yangu ni kwamba sina la kuandika sina la kuandika fundi viatu anagonga tangu asubuhi hicho kiatu kimemkosea nini sina la kuandika nimechoka kuamka mapema hapana sijachoka naamka kabla ya jogoo navaa nguo gizani nakimbia njiani mtu mzima mimi nakimbilia mkasi nikiushika mikono haitetemeki Dada haoni tena na mimi nafurahi*

Kalamu ikasimama. Mshauri alikataza kusoma, lakini Shoto alisoma, akarudia. Nafurahi. Miezi yote ile alijiona mbeba mzigo, mdogo mwema anayesitiri aibu ya mkubwa wake, na hata kisigino chake alikisamehe kwa ajili ya wema huo. Kumbe alikuwa mwizi anayewahi. Alikuwa akisubiri macho ya ndugu yake yafe ili naye apate kukata. Aliona haya hadi masikio yakamwaka moto.

Hapo ndipo mwalimu mmoja alipoingia kuchukua sketi yake. Shoto aliviringisha karatasi, akaitumbukiza kwenye kapu la chini ya meza, penye mabaki ya karatasi. Mwalimu alijaribu sketi, akageuka, akageuka tena, akataka pindo lipandishwe, akataka lishushwe. Alipoondoka, Shoto aligundua hana uzi mweupe wa kutosha sare. Alikwenda dukani akiwa na wazo moja kichwani, kwamba akirudi ataichoma karatasi ile. Dukani muuza uzi alimsimulia ugonjwa wa mkwewe tangu ulipoanza.

Aliporudi, Dada alikuwa mezani, na kitambaa cheupe kilikuwa mbele yake.

"Wameleta leo," Dada alisema bila kugeuka. "Nimeona nisingoje kesho. Nimepata karatasi nzuri kwenye kapu, kubwa, tupu kabisa, nimeshatoa vipande vyote vya mfano. Kwa nini unatupa karatasi nzima nzima? Unadhani zinaota?"

Kando ya Dada, mezani, kulikuwa na kola, mkono na nusu ya mbele, vyote vya karatasi ya kaki, na juu yake mwandiko wake, umekatwakatwa. Kwenye mkono aliona *kiatu kimemkosea*. Kwenye kola, *nakimbia njiani mtu*. Kipande cha mgongo kilikuwa kimeshabanwa kwa pini juu ya kitambaa, kiganja cha Dada kimelala juu yake.

"Umesema tupu?"

"Tupu. Kwani vipi?"

Kitu cha kwanza alichokisikia Shoto kilikuwa ahueni. Hakusoma. Namshukuru Mungu, hakusoma! Pumzi ikamrudia, akaweka uzi juu ya cherehani. Halafu akayatazama tena maandishi yale. Yalikuwa ya wino mweusi, herufi nono kama maharage, zimejaa karatasi kutoka pembe hadi pembe, na upande ulioandikwa ndio uliokuwa juu. Yeye alijua Dada hauoni mstari wa chaki. Hakujua kwamba Dada anaweza kushika ukurasa mzima wa wino, akaupindua, akaukata, akauita mtupu.

Dada akachukua mkasi, akaufungua.

"Weka mkasi chini, Dada."

Katika miaka yote ile hakuwahi kumwamuru hata afunge mlango. Dada aligeuza uso polepole, akamtazama kidogo pembeni ya pale aliposimama.

"Umesemaje?"

"Karatasi siyo tupu. Nimeiandika mimi. Imejaa."

Dada alipitisha kidole juu ya kipande kilicho chini ya kiganja chake, mara moja, mara mbili, akisikia mabonde ya kalamu. Mlango wa pili nyundo iligonga, ikanyamaza.

"Nilidhani ni mikunjo," alisema. Mkasi aliuweka chini. Alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hakuwa akilifanya mchana. "Haya. Nisomee."

"Ni upuuzi tu, Dada. Ni zoezi la zahanati."

"Upuuzi nimeukata vipande vipande kwa mkono wangu. Nina haki ya kuusikia. Soma."

Shoto akasoma. Alikwenda kutoka mkono hadi kola, kutoka kola hadi kipande cha mbele, akiunga maneno kama anavyounga nguo. Alisoma fundi viatu na kugonga kwake, na Dada akacheka puani. Alisoma kuamka mapema, na Dada akaacha kucheka. Alisoma *nakimbilia mkasi nikiushika mikono haite*, halafu karatasi ikaisha.

"Hapo pamekatika," Dada alisema.

"Ndiyo."

"Panapoendelea ni hapa kwenye mgongo." Alipigapiga kiganja juu ya kipande kilichobanwa kwa pini. "Pameandikwa nini?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema pameandikwa habari za mwalimu na sketi yake, na hakuna binadamu mle ndani ambaye angemsahihisha. Akili yake ilishaanza kuutunga uongo, tena uongo mzuri, wenye mshono usioonekana. Akatazama kiganja kile kilicholala juu ya maneno bila kuyajua, na huruma na aibu vikamjia pamoja.

"Pameandikwa, 'Dada haoni tena.'"

"Endelea."

"'Na mimi nafurahi.'"

Machozi yalipokuja hakuyafuta. Kidole cha Dada kilienda na kurudi juu ya karatasi, kana kwamba anataka kuhakikisha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mwishowe, "na sisi kazi yetu ni nguo."

"Dada, nisamehe."

"Ngoja kwanza, usinikatize, nimekasirika. Unajua mkasi wangu naulaza vipi jioni? Naulaza vishikio vikitazama dirisha. Tangu mwezi wa tatu kila asubuhi nakuta vinatazama mlango. Nani anashika kwa kushoto humu ndani, paka?"

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nangoja useme. Wewe husemi, mimi sisemi, tunadanganyana kama wachumba. Nikasema moyoni, huyu ananionea huruma. Na huruma yako, mdogo wangu, ilikuwa inaniua kuliko haya macho. Nilikuwa nalala naiwaza." Sauti yake ilikwaruza. "Kumbe ulikuwa unafurahi."

"Sikutaka kufurahi."

"Nani amekuuliza ulitaka nini? Imeniuma, na itaniuma kesho pia. Lakini afadhali hiyo kuliko kuonewa huruma." Alijifuta pua kwa pindo la mtandio, akasimama, akasogea kando ya meza. "Njoo hapa. Kata."

"Kitambaa cha hospitali?"

"Kwani kipo kingine? Miezi yote hii umekata yangu kwa wizi. Leo kata yako hadharani."

Shoto alikwenda. Mikono ilimtetemeka hadi alipoingiza vidole kwenye chuma kile kilichomkataa tangu utoto, kikimbana gumba kama kawaida yake. Dada alisimama nyuma yake, akainamisha kichwa, akafumba macho ambayo hata hivyo hayakuwa na kazi.

"Huoni, Dada. Utajuaje kama nimekosea?"

"Nitasikia. Haya."

Mkasi ukauma kitambaa. Ulikwenda vidole vitatu, ukasita.

"Unadonoa," Dada alisema palepale. "Unakata kama mtu anayesikiliza mlango usifunguliwe. Hakuna anayekuja. Fungua mdomo wote wa mkasi."

Shoto alivuta pumzi, akaufungua wote. Mlio ukabadilika, ukawa mmoja, mrefu, kutoka begani hadi kwenye pindo, na nyuma yake alisikia Dada akiufuata kwa pumzi bila kuukatiza. Kipande cha mgongo kilijitenga na kitambaa, kikalala mezani, kingo zake zimenyooka.

Dada alikipapasa pembe zote, bila haraka. Kisha akanyoosha mkono wazi.

"Nirudishie mkasi wangu, na kuanzia sasa usiguswe tena. Kesho asubuhi, kabla hujanipeleka zahanati ya macho, tunapita dukani kukununulia wako, wa mkono wa kushoto. Huu ni wangu, na mimi bado sijafa."