Doa na Tundu

Nilipokuwa nasomea uzamili wa afya ya meno ya jamii, tulikwenda shule moja kukagua meno ya watoto. Nikaona doa, nikasema ni tundu. Profesa wangu akaniuliza mbele ya darasa zima, "Macho umeyaacha nyumbani? Rudia." Watoto wakacheka, naye hakuwanyamazisha. Nikamwekea kinyongo, nikakilea kama mwanangu.

Leo mimi ndiye kipimo: kila mkaguzi sharti majibu yake yalingane na yangu ndipo apewe kazi. Profesa, sasa mstaafu, ameiomba. Mbele ya darasa akachungulia kinywa cha mtoto kwa kioo, akasema, "Tundu."

Lilikuwa doa. Ningeweza kumnong'oneza.

"Profesa," nikasema kwa sauti ya kufika nyuma ya darasa, "macho umeyaacha nyumbani? Rudia."

Watoto wakacheka. Nikawaacha wacheke mpaka wachoke.