Filamu Ambayo Jelagat Hakuimaliza

Jelagat alikuwa mtu wa maoni. Mwulize dawa ya kupe, angekujibu kwa neno moja na kukupa chenji; mwulize filamu aliyoitazama juzi, ungejuta kutokuja na kiti. Mchana kutwa aliuza mbegu na dawa za mifugo katika agroveti moja mjini Eldoret, akihudumia wakulima walioshuka kutoka Moiben na Ainabkoi na matope yao kwenye gambuti. Saa ya chakula ikifika, wenzake wakikimbilia githeri, yeye alivuka barabara, akaingia saiba, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, akaandika.

Blogu yake ilikuwa na wasomaji kama arobaini hivi, na aliwaandikia kana kwamba ni elfu arobaini. Filamu ikianza na helikopta tatu, aliwaambia, jueni hela ya kumlipa mtunzi wa hadithi iliishia kwenye mafuta. Roki isiyokufanya utake kusimama ni muziki wa kupangia foleni benki. Na wahakiki wa magazeti, hasa wale wa Nairobi, ni watu wanaoonja chakula wakiwa wameshashiba.

Aliyemkera zaidi ni Isaiah Shitanda, aliyeandika ukurasa wa filamu na muziki kila Ijumaa. Aliwahi kusema kwamba vijana wa Kenya wanaopenda roki wanaazima hasira za watu wengine. Jelagat alimjibu kwa kurasa nne, akamalizia hivi: "Hasira ni zangu mwenyewe. Cha kuazima ni gitaa tu." Wasomaji wake arobaini walishangilia wiki nzima.

Wasichojua ni kwamba hakuweza kukaa. Filamu ya saa mbili aliitazama kwa siku tatu. Dakika ishirini zikipita, mguu wake ulianza kutikisika wenyewe. Angeinuka kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa, angesogea dirishani, angetazama geti, angerudi na kukuta watu wa filamu wameshauana na yeye hajui sababu. Alikuwa hivyo tangu Januari ya mwaka 2008, na sasa ilikuwa 2011.

Maoni hayo yote alifundishwa na mtu. Kabla ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, kijana mmoja aitwaye Waweru alikuwa na duka la kukodisha filamu kule Munyaka, chumba cha mabati chenye rafu za sidii hadi darini. Jelagat alikuwa mwanafunzi wa chuo wakati huo, akitoka kwao Kapsoya, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Waweru hakukubali kumpa filamu mpya kabla hajaeleza ile ya zamani.

"Ilikuwa nzuri," Jelagat alisema mara ya kwanza.

"Nzuri si maoni, Jela. Hata chapati ni nzuri. Niambie ilikufanya nini."

Ni yeye aliyemwonjesha roki, kwenye sidii alizochoma mwenyewe na kuziandika kwa kalamu nene. Walibishana mlangoni pa duka hadi wateja wengine wakaudhika. Majirani walidhani ni mapenzi. Hayakuwa. Kilikuwa kitu kilicho adimu zaidi: kila mmoja alikuwa amepata wa kubishana naye.

Kisha matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na mji ukawaka, majirani wakigeukiana kwa kabila. Duka la Waweru lilichomwa pamoja na kila kilichokuwemo. Yeye alikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo, akalala kwenye hema pamoja na maelfu ya wengine, na baadaye akaenda Nakuru. Katikati ya mwaka ule alimtumia Jelagat ujumbe mfupi: "Niko Nakuru. Niko sawa. W." Jelagat hakujibu. Lakini kila aliponunua simu mpya, namba ile ndiyo aliyoihamisha kwanza.

Sasa mwezi wa Machi mwaka huo wa 2011, ilikuja Eldoret filamu moja mpya ya Kikenya iliyosimulia habari za wakati ule. Shitanda alikuwa ameisifu hadi akaishiwa na maneno. Ingeonyeshwa bure Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa moja mjini, na Shitanda mwenyewe angekuja kuongoza mazungumzo baadaye. Jelagat alijiambia anakwenda kumwona adui yake uso kwa uso. Aliketi safu ya mwisho, karibu na mlango, daftari mapajani.

Nusu saa ya kwanza aliandika kwa furaha. Mwanga mbaya. Waigizaji wanazungumza Kiswahili cha taarifa ya habari. Ni nani Eldoret anayesema vile akiwa anakimbia? Halafu ikafika sehemu ambapo kijana wa filamu anafika mbio kwenye geti la rafiki yake, msichana wa kabila jingine, na kuligonga kwa viganja vyote viwili. Msichana anatoka nje pekupeku. Anafungua. Anamvuta ndani na kumficha chini ya kitanda.

Watu ukumbini walipiga makofi. Mama mmoja mbele alianza kulia. Jelagat alisikia daftari likianguka, akaliacha pale pale, akatoka. Alitembea hadi Kapsoya bila kukumbuka barabara.

Jumatatu saa ya chakula aliandika maoni makali kuliko yote aliyowahi kuandika. Alisema filamu ile ni uongo. Alisema geti halikufunguliwa, mageti ya mji huu hayakufunguliwa, na mtu anayetuonyesha geti likifunguliwa anatupaka mafuta ili tujipende. Alisema wahakiki waliosifu hawakuwepo. Akabonyeza, akarudi kazini, akampa mzee mmoja wa Chepsaita dawa ya minyoo ya kuku badala ya ya ng'ombe.

Kesho yake Shitanda alikuwa ameandika chini ya maoni yale. Hakutukana. Aliandika: "Dada Jelagat, sikuwepo, kweli. Lakini kabla ya kuandika nilizungumza na watu watatu wa hapo kwenu waliofunguliwa mageti, na ninayo majina yao. Umeniambia filamu imekosea wapi. Hujaniambia umejuaje."

Alikisoma kile kijibarua mara sita. Akaanza majibu matano, akayafuta yote. Siku tatu hakula cha jioni. Usingizi ulikuja kwa vipande kama filamu zake. Alhamisi akafungua ukurasa mtupu na kuandika kwa pumzi moja: "Nimejua kwa sababu mimi sikufungua."

Ilikuwa hivi. Tarehe mosi Januari, kama saa nne asubuhi, Jelagat alikuwa peke yake nyumbani. Wazazi walikuwa shambani Moiben tangu Krismasi. Kaka yake Kimeli alikuwa ametoka tangu jana yake na wenzake, na hakusema anakwenda wapi. Moshi ulikuwa ukipanda upande wa Munyaka. Ili asisikie kelele, aliwasha redio ya sidii na kuweka sidii mojawapo ya zile za Waweru, sauti juu. Katikati ya wimbo akasikia geti likigongwa, na jina lake: "Jela! Jela!" Alisogea dirishani. Alimwona Waweru kupitia mwanya wa pazia, na mkoba mmoja mgongoni, akitazama nyuma. Jelagat akaenda kwenye redio, akaizima. Akasimama katikati ya chumba, mkono mdomoni. Alifikiria Kimeli na wenzake wakirudi na kumkuta Waweru ndani. Alifikiria jirani wa ng'ambo aliyekuwa amesimama nje akitazama. Waweru aliita tena mara mbili, halafu hakuita tena.

Aliyaandika hayo yote. Kidole kikawa juu ya kitufe. Ndipo alipoona kwamba yule ambaye habari hii ni yake angeweza kuisoma pamoja na watu arobaini wasiomjua. Aliihifadhi bila kuichapisha, akatoa simu, akapiga namba ya Nakuru kabla hajapata nafasi ya kujionea huruma.

"Nani?"

"Ni Jelagat."

"Ule wa Kapsoya?"

"Ni mimi. Nataka kuja kukuona."

"Barabara si yangu," alisema Waweru. "Kuja."

Jumapili alimkuta kwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko, ameinama na bisibisi ndogo, kichwa kimeanza kuingia mvi pembeni ingawa hajafika thelathini na tano. Alimpa stuli. Jelagat hakuketi.

"Waweru, ile siku nilikuwa ndani."

"Najua."

"Unajuaje?"

Akaweka bisibisi chini. "Muziki ulizimwa. Ungeuacha ucheze, ningesema labda hakusikia. Nilisimama pale nikingoja uurudishe."

Jelagat alitaka kusema mengi aliyoyapanga njiani: juu ya Kimeli, juu ya jirani. Aliyaacha yote. "Niliogopa," alisema. "Nimekuja kukuambia nilikukosea. Sikuja kuomba unisamehe leo."

"Vizuri, kwa sababu leo siwezi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama fundi anayekuambia simu yako haitakuwa tayari. Mteja akaja, akahudumiwa, akaenda.

"Nimeandika," Jelagat akasema baadaye. "Kwa blogu. Sijachapisha. Nimesema ukweli wote."

"Jina langu liko?"

"Nitalitoa."

"Hata ukilitoa." Waweru alimtazama sawasawa kwa mara ya kwanza. "Jela, wewe unasema juu ya kila kitu. Filamu, wazungu wenye gitaa, yule Shitanda. Nasoma, usifikiri sisomi. Mwaka wa kwanza nilisoma kila wiki nikingoja uguse ile kitu. Halafu nikachoka. Sasa usiiguse. Hiyo siku mimi ndiye nilikuwa nje. Ikiandikwa, nitaandika mimi. Nisipoandika, basi."

"Sawa."

"Na hiyo filamu? Umesema ni uongo. Inaishaje?"

"Sijui. Nilitoka."

Waweru alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na utamu. "Nani alikufundisha kuhukumu filamu hujamaliza?"

Hakukuwa na chai wala kukumbatiana. Alirudi Eldoret jioni ile ile. Kesho yake alifuta yale aliyokuwa ameyahifadhi, na chini ya swali la Shitanda akaandika: "Nilikosea kuiita uongo. Wapo waliofungua. Mimi si mtu wa kuihukumu filamu hii, na sitaeleza kwa nini." Wasomaji wake walishangaa. Wengine walisema amenunuliwa, mmoja akasema amezeeka. Shitanda aliandika maneno mawili tu, "Asante, dada," na Jelagat akakereka kwa sababu hakupata mahali pa kumjibu.

Aliendelea kuandika, lakini kidogo kidogo. Mguu uliendelea kutikisika. Mwezi wa Mei, Jumamosi moja asubuhi, simu ililia akiwa anafua.

"Jela. Makaburi ya Kiplombe unayajua?"

"Nayajua."

"Mama yangu amezikwa huko, mwaka wa tisini na tisa. Ukiingia, shika kushoto hadi kwa ua, safu ya tatu. Sijafika tangu nitoke. Nenda uone, uniambie. Usinipambie."

Aliacha nguo ndani ya beseni. Alifika Kiplombe kabla ya saa tano, akatafuta safu ya tatu, akarudi, akahesabu upya. Mvua za Aprili zilikuwa zimelea nyasi hadi kiunoni. Alilitambua kaburi kwa ukingo wa saruji tu, na herufi chache alizozipangusa kwa kiganja. Akapiga simu.

"Nimelipata. Msalaba hakuna. Saruji imepasuka upande wa kichwani. Nyasi ni ndefu sana."

Nyuma ya Waweru soko la Nakuru lilikuwa likipiga kelele zake za kawaida.

"Ndefu aje?"

"Kiunoni."

"Basi fyeka," alisema Waweru, akakata simu.

Jelagat alimwendea mlinzi wa makaburi, akaazima fyekeo. Hakuwa ameshika fyekeo tangu shule ya msingi. Dakika kumi za kwanza alikata hewa zaidi ya nyasi; kisha mikono ikakumbuka. Alimaliza kaburi lile, akang'oa mizizi kwenye ufa kwa vidole, akalizunguka kuona kama amebakisha popote. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge na mawingu ya mvua yalikuwa yameshakusanyika juu ya mji. Angeweza kwenda nyumbani. Alitazama kaburi la jirani, la mtu asiyemjua, lililozama katika nyasi zile zile, akasogea hatua moja, akaendelea kufyeka.