Kinyozi Kwenye Mlango wa Mto

Mimi ni kinyozi, na ndani ya kibanda changu cha kunyolea hakuna anayenishinda kwa kuyajua mawimbi. Vijana wanaofurika mji huu kupanda mawimbi kwa ubao huniletea vichwa vilivyojaa chumvi na mchanga, mashine yangu inakwama, nami huku napuliza meno yake nawaeleza wimbi lipi la kupanda na lipi la kuachana nalo. Hawajawahi kuniuliza kama nimepanda hata moja. Wangeuliza ningewajibu, maana mdomo ninao.

Mdomo huohuo ndio ulioniponza. Mwezi uliopita binti yangu, aliyefundishwa kupanda mawimbi na mjomba wake, yaani shemeji yangu, aliangushwa na wimbi pale mlango wa mto, akazungushwa chini ya maji mpaka akasahau juu ni wapi. Alitoka mzima, lakini tangu hapo hajagusa bahari, hata kwa kidole cha mguu. Mtoto aliyekuwa akiimba bafuni akawa anaoga harakaharaka, kimya. Iliniuma sana. Jioni moja tukiwa mezani nikajisikia nasema, "Wimbi lile ni la kitoto. Nikilipanda mimi, utarudi majini?"

Mke wangu aliacha kutafuna. Binti akanitazama, akasema atarudi.

Nilijipa moyo kwamba angalau kule mlango wa mto hakuna watu, kwa kuwa wote hujazana ufukwe wa mjini. Tulipofika Jumapili asubuhi nikakuta nusu ya vichwa ninavyonyoa vimejipanga mchangani. Ufukwe wa mjini siku hiyo haukuwa na wimbi.

Binti alikaa mbali na maji, amekumbatia magoti. Shemeji akanisukuma hadi nje kidogo ya fungu la mchanga, pale maji ya mto yenye rangi ya chai yanapokutana na mawimbi. Nililala kifudifudi juu ya ubao, nimeukumbatia kama godoro, miguu ikining'inia majini. Shemeji alinieleza kwamba wimbi la kwanza ni baya, nisilifuate, nitulie nisubiri la pili. Niliitikia kwa kichwa bila kusikia kitu. Nilikuwa nawaza kaa. Mlango wa mto wote umejaa kaa, na mimi, mtu mzima mwenye mke na biashara, naogopa kaa.

Wimbi la kwanza likaja. Shemeji akapaza sauti, "Kaa! Kaa hapo!"

Hilo "hapo" lilimezwa na maji. Mimi nilisikia kaa, tena wawili. Niliruka kuokoa vidole vyangu, na pa kurukia palikuwa mahali pamoja tu, juu ya ubao. Wimbi likatubeba, mimi na woga wangu. Nilisimama mikono juu kama niliyekamatwa na polisi, nikipiga kelele kwamba mmoja ameniingia kwenye kaptura. Wateja wangu walishangilia. Walidhani ni furaha.

Ubao ukakwama kwenye fungu, mimi nikaendelea na safari mpaka kwenye maji ya upande wa pili. Nilitua kwa uso, nikanywa mto na bahari kwa pamoja. Nilipopiga magoti nikohoe, nikamwona binti yangu anakuja mbio, anacheka mpaka machozi yanamtoka, huku akiuliza kama nimeumia. Akanishika kwapani aniinue. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni.

Yeye hakuwa ameona alipo. Mimi niliona, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa wale kaa. Nikaanza kulalamikia goti, ambalo halikuwa na kitu, ili tu asiondoke. Shemeji alipofungua mdomo nilimkazia macho mpaka akaufunga. Ndipo wimbi dogo likatupiga mgongoni, binti akayumba, akatazama chini. Kicheko kikamkauka.

Nilimshika mkono.

Kisha akautoa mkono wake kwenye wangu, akauchomoa ubao pale ulipokwama, akaugeuza kuelekea baharini.

"Baba," alisema, "sogea. Unanizibia wimbi."

Nikasogea.